Nilivyotolewa mfupa kwenye shina la kidole gumba

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, na mkasi ndio ulioniumbua. Kila nikikata kitenge, shina la gumba la kulia linachoma kama msumari. Baadaye hata kugeuza ufunguo au kumenya ndizi kukawa mtihani, na baridi ya Juni ndiyo usiseme.

Zahanati moja waliniambia ni gauti, wakanikataza nyama. Miezi mitano nimeacha, maumivu palepale. Eksirei ndiyo iliyosema ukweli: gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, limelika, mifupa inasagana. Daktari wa mifupa alisema sisi wanawake tuliokoma hedhi ndio hasa tunaopatwa. Hakukimbilia kisu. Tulianza na kifaa cha kushikilia gumba na vidonge, kisha sindano ya steroidi, ambayo kwangu ilituliza miezi mitatu tu.

Siku ya operesheni waliganzisha mkono mzima, mimi niko macho. Wakatoa kimfupa kimoja, trapezia, kati ya vile vinane vya kifundo cha mkono, na pale penye pengo wakakunja kipande cha kano ya mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimemuuliza, "Sasa daktari, gumba litaegemea nini?" Akasema, "Mama, mwili utajaza pale kwa kovu, nalo litashika."

Plasta nilikaa nayo wiki sita. Binti yangu ndiye aliyenifunga kanga na kunikatia ugali.

Ilipotolewa, ndipo kazi ilipoanza, na hapa natamani ningeambiwa mapema. Gumba lilikuwa limevimba, ngozi kando ya kovu ina ganzi, na kibanio cha nguo sikuweza kukibana. Nililia, nikiamini wameniharibu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanituliza: nguvu hurudi taratibu, miezi mitatu hadi sita, wengine mwaka. Akanifundisha kugusisha ncha ya gumba na kidole cha shahada, kisha cha kati, cha pete, mwisho cha mwisho. Kufika hicho cha mwisho kulinichukua wiki tatu, asubuhi na jioni, mkono nimeutia kwanza kwenye maji ya uvuguvugu.

Sasa ni mwezi wa nane tangu operesheni. Gumba limefupika kidogo, lakini usiku nalala. Kitenge nakata mwenyewe; jinzi bado nampa jirani yangu anikatie, mimi nashona.