Siku yangu moja kwenye ofisi ya mtaa

Saa 12 asubuhi haijagonga, simu imeshaita. Mama mmoja wa bondeni anasema gari la taka halijapita tangu wiki iliyopita na mbwa wameshachana viroba. Nikampigia kijana wa mkandarasi huku namvalisha mwanangu soksi. Gari liko gereji, akasema. Gari hilo lina makazi ya kudumu gereji, kasoro barua ya utambulisho tu.

Mimi ni afisa mtendaji wa mtaa, upande wa Goba, Manispaa ya Ubungo. Wengi wananichanganya na mwenyekiti. Mwenyekiti kawekwa na wananchi kwa kura ya Novemba 27, 2024. Mimi ni mwajiriwa wa halmashauri, nimepangiwa kituo na wakitaka wananihamisha. Yeye anaendesha mkutano, mimi naandika muhtasari. Lakini yeye ana shughuli zake za kumpa riziki, anakuja akiitwa. Anayekutwa ofisini ni mimi, kwa hiyo lawama zote zinafikia hapa.

Saa 2 benchi la nje limeshajaa. Barua ya kitambulisho cha NIDA, barua ya benki, barua ya kumdhamini kijana aliyelala kituoni. Naangalia karatasi ya mjumbe, nafungua daftari la wakazi, naandika, nagonga mhuri. Hadi saa 4 sikuinua kichwa, ila kwa kaka mmoja mtanashati ambaye hakuwemo kwenye daftari. Amehamia mwaka jana, ana geti lake, anatoka alfajiri anarudi usiku, na hata jirani wa ukuta kwa ukuta hamjui jina. Nikamwambia aanze kwa mjumbe wake. Akatoa simu: “Nitumie lokesheni yake.” Mjumbe wake anauza mkaa nyumba ya tatu kutoka kwake.

Watu wa aina hiyo wanaongezeka, na siwalaumu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Hao wote walihitaji pa kulala, na huku pembezoni ndiko vipande vya shamba vilikuwa bado vinauzwa.

Na hapo ndipo unapokuja ukuta.

Saa 4 na nusu walikuja watu kama kumi kwa pamoja, mbele yao dada wa bodaboda anayesema hawezi tena kupita kwenda kwake. Bwana mmoja kajenga ukuta usiku na mchana, mwisho wa wiki, wakati ofisi imefungwa. Wanachagua siku, hawa. Nikamchukua mjumbe wa kamati ya mtaa, tukabeba futi kamba, tukapanda kilima na jua lile.

Nilipofika nilicheka kwanza, Mungu anisamehe. Kibao cha jina la njia, tulichosimika kwenye zoezi la anwani za makazi 2022, kiko ndani ya uzio wake, kimesimama katikati ya matofali na ndoo ya rangi. Njia iliyobaki nje ya ukuta ina upana wa mita moja na nusu. Bajaji haipiti. Boza la maji ndiyo usiseme.

“Mtendaji, mimi nina mkataba,” bwana akasema, akautoa kwenye bahasha ya kaki. Karatasi ya daftari, ya mwaka 2006, imekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Kiwanja: hatua 25 kwa 20. Mashariki kinapakana na mkorosho mkubwa. Mkorosho ulishakatwa, pametengenezwa kibanda cha chipsi. Muuzaji ni marehemu. Shahidi mmoja naye ni marehemu, mwingine inasemekana kahamia Mkuranga.

Basi likazuka la hatua. Hatua za nani? Bibi mmoja wa zamani pale akaapa kwamba marehemu alikuwa mtu mfupi, hatua yake ndogo. Bwana alipotaka kujenga kamtumia mwanawe kupima, kijana mrefu wa kucheza kikapu. Tukapima kwa mguu wa mjumbe, tukapima kwa mguu wa bibi, kila mguu ukatoa mpaka wake. Wakaanza kurushiana maneno ya “wewe umekuja juzi.” Mmoja akaokota nyundo na kuniambia nitoe amri, waubomoe sasa hivi.

Sina amri hiyo. Hili ndilo natamani watu wa nje walielewe. Kibali cha ujenzi kinatoka manispaa, na kubomoa hivyo hivyo. Hata Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, haliamui tena kesi ya ardhi. Linasuluhisha, na siku 30 zikipita bila mwafaka mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilicho nacho mimi ni kalamu, mhuri na sauti. Nikamwandikia bwana notisi ya kusimamisha ujenzi, akagoma kusaini. Nikaandika “amegoma kusaini,” mjumbe akashuhudia. Nyundo nikaichukua nikaenda nayo ofisini.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokula. Wali ulikuwa umepoa, na mgeni wa halmashauri alikuwa ananisubiri na fomu za vikundi vya mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, anazitaka leo leo. Mchana uliobaki uliishia kwenye fomu hizo, mzee aliyelalamikia spika za baa, na mwenyekiti kupita kuuliza yule bwana ni mpiga kura wetu au la.

Miguu inaniuma, lakini leo hakuna aliyepigwa nyundo, na hiyo mimi naihesabu ni kazi.

Usiku, wakati naosha vyombo, kundi la WhatsApp la mtaa likawaka. Picha: ukuta umeongezwa kozi mbili, kwa mwanga wa tochi. Nikaituma kwa mtendaji wa kata. Akajibu papo hapo: “Kesho saa 2 niletee nakala ya notisi, nimeshaongea na mkaguzi wa majengo.” Nikamjibu nitafika, na nikamuuliza kama ofisi ya kata ina mahali pa kuhifadhi nyundo.