Jinsi Nilivyokifikisha Chombo Changu Mirihi kwa Kiswahili

Miezi 14 iliyopita nilianza kuandika hadithi ya kisayansi kwa Kiswahili, na mwezi uliopita nimeimaliza. Ina kurasa 61, inasimulia safari ya chombo kinachoondoka pwani yetu kwenda sayari ya Mirihi, na karibu yote nimeiandika kwenye simu nikiwa ndani ya mwendokasi, basi la Dar es Salaam lenye njia yake, kati ya Kimara na Kivukoni, asubuhi nikiwa nimesimama na jioni nikibahatika kupata kiti. Naandika maelezo haya kwa sababu nina furaha ambayo siwezi kuificha, na pia kwa sababu ushauri nilioupata njiani ulikuwa mbaya kiasi cha kumkatisha mtu tamaa kabisa, nami nisingependa mwingine apotezewe muda kama nilivyopotezewa mimi.

Nimekuwa msomaji wa bunilizi za sayansi na za fantasia tangu nikiwa kidato cha pili. Vitabu vyenyewe nilivipata kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaopanga bidhaa zao chini, kando ya barabara za katikati ya jiji, na kimoja nilichokipenda kuliko vyote hakikuwa na kurasa za mwisho, kwa hiyo mwisho wake nilijitungia mwenyewe na sijawahi kuutafuta ule halisi. Vyote vilikuwa vya Kiingereza. Nilivipenda kwa moyo wote, lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua kila nilipovisoma, nalo ni kwamba watu waliovuka nyota walikutana bila kusalimiana. Mtu anafika kwenye sayari ya mwenzake baada ya miaka ya safari na anaanza moja kwa moja kueleza shida yake. Jambo hilo lilikaa moyoni kwa miaka, na naamini hadithi yangu ilianzia hapo.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa rafiki ninayemheshimu kwa usomaji wake. Aliniambia niandike kwa Kiingereza kwa kuwa Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo, akaongeza kwamba roketi na sisi ni wapi na wapi. Nilikasirika, na bado sijapoa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa lililojengwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksi (eksirei) inayotoka kwenye nyota, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Roketi, basi, imekwisha kuruka kutoka bahari hii hii, ikibeba jina la Kiswahili. Tena pwani yetu ina faida ya kimaumbile, kwa sababu karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari imepewa kasi hiyo bure. Ndiyo maana katika hadithi yangu chombo kinaondokea kwenye jukwaa lililo mashariki ya kisiwa cha Mafia. Na kuhusu lugha, Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, hadithi ya nchi nzima iliyo angani, yenye mfalme, mahakama na wajumbe waliotumwa pande zote za dunia, pamoja na mbinguni na ardhini. Mtu anayedai kwamba Kiswahili hakijazoea kukaa angani hajakisoma.

Mwingine alinishauri niingize majini, eti wasomaji hawatavumilia kurasa 60 za mitambo. Sina ugomvi na majini na nimesoma hadithi zao nyingi kwa raha, ila niliona si haki kumwita jini kila mara fundi anaposhindwa kueleza injini inafanyaje kazi.

Ushauri wa tatu niliufuata, nao ndio ulionichelewesha zaidi. Niliambiwa nichukue kamusi za sayansi na kuokota istilahi humo. Nilianza na kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 1990, na sitaki nieleweke kwamba naidharau, kwa sababu nilipotaka kutaja kani, masi au obiti ilinipa neno safi bila kunizungusha. Kosa lilikuwa langu la kudhani kwamba istilahi zikipangwa zinakuwa hadithi. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na kurasa 20, nikaenda nazo Temeke kwa mama. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo, nikaomba nimsomee, naye akasema nisome tu, masikio hayachagui mchele. Nikaanza: chombo cha anga za juu kilitumia kani ya msukumo kuondoka kwenye obiti, na kamanda wa misheni akakagua mifumo ya utegemezi wa uhai. Mama alichagua mchele kimya mpaka nikafika ukurasa wa tatu, kisha akaniuliza, “Nahodha wake nani?”

Nikamweleza kwamba chombo kile hakina nahodha, kina kamanda wa misheni.

“Na mabaharia wake?”

Nikasema kuna wahandisi watano. Akaweka ungo chini, akaniuliza kama kinatoka bandari gani, kimebeba shehena gani, na kama wanaobaki nyumbani wanajua kitarudi msimu gani. Mama amekulia Mafia na baba yake alikuwa mtu wa majahazi. Mimi niliposoma neno chombo niliona mtambo wa chuma, naye aliposikia neno lile lile aliona jahazi lenye watu, mizigo na wake zao wanaosubiri ufukweni. Chombo ndilo jina la jahazi tangu zamani! Kazi yangu ni ya ukarani katika ofisi ya mizigo karibu na bandari, shehena na gati nayataja kila siku kabla ya chai ya saa nne, na bado nilikuwa nimeyaacha mezani na kwenda kutafuta maneno mengine kamusini. Kurasa zile 20 nilizifuta jioni hiyo hiyo nikiwa njiani kurudi Kimara.

Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala hadi Kunduchi Mtongani, nikateremka kwenda ufukweni wanakotengeneza mashua. Nilirudi huko Jumamosi nyingi, na kwa nauli na soda za wenyeji wangu huenda nilitumia elfu thelathini au arobaini kwa jumla, sikuweka hesabu. Yupo mzee mmoja, fundi, ambaye nilimwamkia, nikamweleza wazi kwamba naandika hadithi ya chombo cha kwenda kwenye sayari na nahitaji majina ya sehemu za mashua. Hakucheka. Aliuliza kama kitapita kwenye maji. Nilipomjibu kwamba huko hakuna maji wala hewa, alifikiri kidogo akasema, “Basi wewe shida yako siyo maji kuingia, ni pumzi kutoka. Kaa hapo uangalie.”

Alikuwa anatia kalafati, yaani anaziba nafasi kati ya mbao za mashua. Alichukua pamba aliyoichovya kwenye mafuta, akaisokota kwa vidole mpaka ikawa kamba nyembamba kama utambi, akailaza juu ya mshono kati ya mbao mbili na kuanza kuishindilia kwa patasi butu na nyundo, pigo moja jepesi na moja zito, akisogea nusu kiganja kila mara. Sauti ya nyundo ilikuwa inabadilika, mwanzoni wazi, baadaye nzito, na ilipokuwa nzito alijua pamba imekaa, akasogea mbele bila hata kuangalia. Aliniambia kwamba fundi mzuri hutia kalafati kwa sikio. Nilirudi nyumbani nikaandika sura nzima ambamo mwanamke mmoja, fundi wa chombo, anapita ndani ya kuta usiku akigonga kila mshono na kusikiliza, kwa sababu mahali fulani pumzi inavuja na vipimo havijaonyesha kitu. Sura hiyo niliiandika kwa siku mbili, na kila anayeisoma huitaja kwanza. Kutoka ufukweni hapo nilipata pia omo na tezi (mbele na nyuma ya chombo), mkuku (uti wake wa chini), mataruma (mbavu zake) na ngama (sehemu ya chini ndani yanakokusanyika maji), na yote yamo chomboni kwangu yakifanya kazi ile ile iliyoyapa majina.

Jibu la swali la mama kuhusu msimu lilinipa uti wa mgongo wa hadithi. Safari ya Mirihi haiondoki siku yoyote mtu anayotaka. Dunia na Mirihi zinalizunguka jua kwa kasi tofauti, na nafasi nzuri ya kuondoka huja mara moja katika kila miezi 26 hivi, kisha inafunga. Julai 2020 Falme za Kiarabu, China na Marekani zilirusha vyombo vyao ndani ya wiki mbili, na vyote vitatu vikafika Mirihi Februari 2021. Mtu wa bara huenda akashangaa kwa nini walifuatana hivyo, lakini aliyekulia pwani anaelewa mara moja, kwa kuwa ndivyo majahazi yalivyongoja upepo wa kaskazi yaje huku na upepo wa kusi yarudi. Kwa hiyo watu wangu hawasemi dirisha la urushaji, kama nilivyokuwa nimeandika mwanzoni. Wanasema msimu umefunguka, na aliyechelewa kupakia anabaki bandarini miaka miwili.

Sasa nifike kwenye salamu, ambazo zilinishinda kwa muda mrefu kuliko kitu kingine. Nilitaka kijana aliyeko Mirihi azungumze na mama yake aliyeko Kunduchi. Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwa kuwa Mirihi huwa mbali nasi kati ya kilomita milioni 55 na milioni 400, ujumbe huchukua kuanzia dakika 3 hadi dakika 22 kwenda upande mmoja tu. Nikaandika mazungumzo kwa umbali wa dakika 12. Kijana anasema shikamoo mama. Baada ya dakika 24 anasikia marahaba mwanangu, hujambo? Anajibu sijambo, na dakika 24 nyingine zinapita kabla hajaulizwa habari za huko. Nilipoifuata adabu yote, afya, kazi, chakula, majirani, saa tatu zilikwisha na hawajazungumza lolote. Nilijaribu kuzifupisha, nikaona mama yule amegeuka mtu baridi asiyemjali mwanawe. Nilijaribu kumfanya kijana arundike salamu zote kwa mkupuo na kujijibu mwenyewe, ikawa kama hotuba. Wiki tano nilikwama hapo, sikuandika hata mstari.

Aliyenikwamua ni fundi tena, bila yeye kujua. Nilikuwa namweleza ugumu mwingine, kwamba siku ya Mirihi ina saa 24 na dakika 39 na sekunde kadhaa, hivyo mapambazuko ya huko hayalingani na ya kwetu, yanasogea nyuma kila siku, na baada ya siku 18 hivi asubuhi ya kijana inaangukia jioni ya mama yake. Fundi alisema hilo halina ugumu wowote, ni kama maji. Maji kujaa kwa kesho huja nyuma ya leo kwa dakika 50 hivi, na kila mwanamke wa Kunduchi mwenye mtu baharini anajua, bila saa, maji yatajaa lini keshokutwa.

Niliposikia hivyo niliaga na kutafuta kivuli cha kuandikia. Mama wa hadithi yangu haingoji shikamoo. Anahesabu mapambazuko ya mwanawe kama anavyohesabu maji, anatoa dakika za safari ya sauti, na kila siku, hata ikiwa ni usiku wa manane kwake, anaamka na kutuma neno moja tu, marahaba. Linasafiri dakika 12, na kijana anapofumbua macho na kusema shikamoo mama ndani ya chumba kitupu, anajibiwa papo hapo. Nilimsomea mama sehemu hiyo kule Temeke. Safari hii hakuuliza swali. Alinyamaza, kisha akaniambia nisome tena kuanzia anapoamka.

Kuchapa hakukuwa na mambo mengi. Nilitoa nakala 50 kwenye steshenari moja ya Mwenge kwa laki mbili na kitu, zikabanwa kwa pini, na 38 zimekwisha kununuliwa na watu wa ofisini na majirani. Rafiki wa ule ushauri wa kwanza alinunua mbili.

Nakala ya fundi nilimpelekea mwenyewe, na mjukuu wake akamsomea kwa Jumapili mbili. Niliporudi alinisifu kwa kalafati, kisha akaniambia kuna kosa moja kubwa. Ngama nimeitaja, lakini sikuweka mtu wa kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, na hakuna chombo ambacho hakikusanyi maji chini. Nilitaka kumwambia kwamba huko angani hakuna maji ya kuingia, nikakumbuka kwamba kwenye kituo cha anga za juu kinachoizunguka dunia jasho la watu na unyevu wa pumzi zao hukusanywa, husafishwa na kunywewa tena. Mzee alikuwa sahihi. Jana usiku nimeandika ukurasa wa 23 upya, na sasa yumo kijana wa miaka 19, mdogo kuliko wote chomboni, anayeshuka ngamani kila alfajiri kukusanya maji ya pumzi za wenzake kabla hawajaamka.