Laleli leo hakuna bei

Wadau, niko Istanbul, mtaa wa Laleli, huku tunakofungasha nguo za Kariakoo.

Leo Ijumaa, 10 Agosti 2018, lira ya Uturuki imeporomoka vibaya. Mwanzoni mwa mwaka dola moja ilikuwa haifiki lira 4. Leo imepita 6!

Trump kaandika Twitter kwamba anapandisha maradufu ushuru wa bidhaa za Uturuki: chuma asilimia 50, alumini 20. Ugomvi wenyewe ni wa mchungaji Mmarekani, Andrew Brunson, anayeshikiliwa huku tangu 2016. Na Marekani na Uturuki wako pamoja kwenye umoja wa kijeshi wa NATO tangu 1952, jamani.

Ila tusimsingizie Trump peke yake. Kampuni za huku zimekopa dola nyingi mno, na Rais Erdoğan hataki kusikia habari ya kupandisha riba. Leo anawahimiza wananchi watoe dola na dhahabu walizoficha chini ya mito ya kulalia, wakabadilishe ziwe lira.

Mimi na vidola vyangu nikajua leo navuna.

Muuza magauni akanikaribisha chai. Kila nikiuliza bei, anatazama simu kwanza.

Mwishowe akabandua kibandiko cha bei kwenye gauni, akakikunja taratibu, akatia mfukoni.

"Leo siuzi, dada. Nikiuza, kitambaa kingine nitanunua na nini?"

Kitambaa analipia kwa dola.

Chai ikanishinda kumaliza.

Mliozoea kufungasha huku, nisubiri Jumatatu au nihamie kwa wanaouza kwa dola? Nipeni akili hapo chini.