Tochi ya Tabibu na Macho ya Mdogo Wangu

Alasiri moja ya kiangazi cha mwaka 2011, huko Ilula mkoani Iringa, mdogo wangu alirudi kutoka shamba la nyanya na bomba la dawa mgongoni, na kabla hajalitua akaanza kutapika. Jasho lilimtiririka, mate yalimtoka mfululizo, naye akalalamika kwamba anaona kiza ilhali jua lingali kali. Majirani walisema ni malaria. Mmoja alinong'ona kuwa ni pombe. Tulimpakia kwenye pikipiki, nikamshikilia kwa nyuma, tukamkimbiza kituo cha afya.

Tabibu aliyetupokea alianza na macho. Alimfunua kope, akammulika kwa tochi ndogo, kisha akaniambia, "Dada, sogea uone." Umeme ulikuwa umekatika, na katika chumba chenye mwanga hafifu namna ile mboni za kijana hutanuka kati ya milimita 4 na 8. Zake hazikufika hata milimita 2, na tochi ilipoondolewa na kurudishwa hazikutikisika.

Usiku ule alinifafanulia jambo ambalo sijapata kulisahau. Mboni ni tundu tu, na ukubwa wake huamuliwa na misuli miwili iliyo katika duara la rangi linaloizunguka: mmoja huibana, mwingine huitanua. Mwanga ukiingia jicho moja, habari husafiri hadi kwenye shina la ubongo, nayo amri ya kubana hurudi kwa macho yote mawili. Amri hiyo hufikishwa kwenye msuli na kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo kwa kawaida huvunjwa mara moja na kimeng'enya chake. Baadhi ya dawa za kuua wadudu hukizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo msuli hubaki umekaza, na tezi za mate na jasho nazo hazipumziki. Malaria haibani mboni hivyo, wala pombe. Dawa za jamii ya afyuni huzibana, lakini hazileti mafuriko ya mate.

Walimvua nguo zote, wakamwosha kwa sabuni huku wamevaa glavu, wakamchoma atropini, dawa inayozuia kazi ya asetilikolini, kwenye mshipa, wakairudia kila baada ya dakika chache kwa kipimo kilichoongezwa. Mimi niliendelea kuyakodolea macho yake, nikingoja mboni zifunguke. "Macho yameshatwambia kuwa ni sumu," tabibu alisema, akiweka kifaa chake cha kusikilizia kwenye kifua cha mdogo wangu. "Kama dawa imetosha, mapafu ndiyo yatakayosema." Alikuwa akisikiliza iwapo majimaji yaliyokuwa yakimkoromesha yamekauka, kwa sababu hayo ndiyo huua.

Kulipokucha mboni zilikuwa pana kupita kiasi, kazi ya atropini, na mdogo wangu hakuweza kusoma maandishi ya chupa ya dawa ya wadudu tuliyoagizwa kuileta. Alizuiwa wodini siku kadhaa, maana misuli ya kupumulia huweza kulegea kati ya siku ya kwanza na ya nne hata baada ya mgonjwa kuonekana amepona, kisha akakatazwa kugusa dawa zile kwa wiki nyingi, hadi kimeng'enya kijengeke upya. Mama aliuliza ni nani basi atakayemalizia shamba. Tabibu alimjibu kwa heshima kwamba yeyote atakayepulizia avae ovaroli, glavu na barakoa, apulizie asubuhi kabla ya upepo, na aoge kwa sabuni kabla hajatia chochote kinywani.