Kiganja kwenye boneti

Nilikuwa na milioni 4 na nusu, na mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Kumpandisha daladala Mbagala Rangi Tatu saa moja asubuhi kwenda kliniki kulinitesa moyo. Nikatafuta gari, hata la zamani, mradi liwake na lifike.

La kwanza lilikuwa Starlet, safi kwa macho. Nikaomba kadi ya usajili. Jina halikuwa la muuzaji wala la aliyemuuzia yeye, na mwenye jina hapatikani kwenye simu. Bila yeye kuthibitisha mauzo, TRA (mamlaka ya mapato) hawahamishi umiliki. Niliondoka roho ikiniuma, maana bei ilikuwa milioni 3 tu.

La pili, Vitz ya mwaka 2001, cc 997, namba B (herufi za usajili zinaanza na B). Dalali aliileta ikiwa imewashwa. Fundi wangu akaweka kiganja kwenye boneti, akanivuta pembeni: "Kaka, hii imeshapashwa. Tuje kesho kabla haijawashwa." Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa pale. Akafungua kifuniko cha oili kutafuta utando wa rangi ya maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili. Haukuwepo. Akapiga stata, mimi nikiwa nyuma nimekodolea macho ekzosi: moshi wa bluu kidogo, ukakata. Inakula oili, akasema, ila inavumilika. Kwa moshi ule tulipunguziwa laki 3, tukaandikishana kwa mwanasheria kwa milioni 3 na laki 6. Kwenye laki 9 iliyobaki nikalipia kuhamisha umiliki na bima ndogo, pesa nyingine sikuigusa.

Ndiyo iliyoniokoa. Haukupita mwezi, mshale wa joto ukapanda kwenye foleni ya Kilwa Road. Kumbe kuna fundi wa zamani aliyetoa temostati, vali inayozuia maji ya kupozea yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, na kuunga feni direkti kwenye umeme. Feni imezunguka muda wote mpaka mota imekufa, na rejeta imejaa maji ya bomba yenye kutu. Wengi wetu huamini temostati ni ya nchi za baridi. Hata mimi niliamini hivyo, na ni kosa kubwa. Ndiyo inayoipa injini joto lake mapema na kulishikilia; ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakunywa mafuta na inalika upesi. Nilikwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, nikanunua temostati, feni na sensa yake, rejeta ikazibuliwa, tukajaza kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Kutoka kilomita 10 kwa lita nikafika 14.

Oili naipima kila Jumapili gari likiwa limepoa, na huongeza kama nusu lita kwa mwezi. Bushi za mbele zinagonga, nitazibadilisha mwisho wa mwezi.

Uchungu ulianza saa nane usiku, mvua inanyesha. Nilizungusha ufunguo mara moja, ikawaka.