Maji matatu, pembe tatu

Paka wanaokuja uani kwangu ni watano, na hakuna hata mmoja anayekubali kushikwa. Kwa hiyo jua likiwa kali, ninachoweza kuwapa ni maji na kivuli. Bakuli la bati niliacha kulitumia siku nilipoligusa saa saba mchana likaniunguza vidole. Sasa nina mabakuli matatu ya udongo, mapana, kila moja pembe yake, maana yule dume mwenye sikio lililochanika haruhusu mwenzake anywe karibu naye. Nayajaza alfajiri na jioni. Chakula nakitoa nyakati hizohizo; mchana kinachacha na kujaa nzi.

Kinachonitia hofu ni paka anayehema mdomo wazi. Mbwa akihema hivyo ni kawaida, paka hapana. Joto la mwili wake likipita nyuzi 40 yuko hatarini. Mwaka jana nilimkuta jike mwenye mimba chini ya gari, mate yanamtoka, hana hata nguvu za kunikimbia. Nilimlowesha tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, si ya barafu, nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Alipona. Mpaka leo hanisogelei, lakini bakuli la chini ya mti ni lake.