Mjomba Alifundisha Somo Gani?

Mwaka 2006, miezi michache baada ya matokeo ya kidato cha nne, niliitwa usaili wa kazi ya karani katikati ya jiji la Nairobi. Kwenye barua ya maombi nilikuwa nimejigamba kwamba mjomba ndiye aliyenisomesha sekondari. Kwa Kiingereza changu: "My uncle taught me for four years."

Mama aliyekaa katikati ya meza akavua miwani, akauliza mjomba wangu alikuwa akifundisha somo gani.

Nikakwama. Mjomba aliachia shule darasa la tatu. Alikuwa na kibanda soko la Gikomba, akiuza mashati ya mitumba. Nikajibu kwamba alikuwa akilipa karo tu. Hilo "tu" linanichoma hadi leo. Serikali ilikuwa haijaanza kulipia karo ya sekondari, hilo lilikuja 2008, na risiti zangu zote alizikunja ndani ya mkebe wa Kimbo. Muhula mmoja ulikuwa na risiti tatu, nne, kwa sababu alilipa kadiri mashati yalivyotoka.

"Basi andika educated," mama akanirekebisha. Wenzake wakachekea vifuani. Kazi sikupata.

Nilipitia maktaba ya McMillan, pale Banda Street penye simba wa mawe, nikaomba kamusi kubwa. Nilitaka kuona nimekosea wapi hasa. Kumbe "educate" lina asili ya Kilatini, na huko lilihusu kulea. Yule mama alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Ila "teach" nalo, katika Kiingereza cha kale, lilikuwa kuonyesha. Hapo nikacheka peke yangu, msomaji wa meza ya pili akanikata jicho. Likizo zote mjomba alinisimamisha kando yake alfajiri, bale ikifunguliwa. Angechukua shati linalong'aa, ageuze kola, apitishe ukucha kwenye mshono hadi uzi uliolegea ujitokeze. "Umeona? Hii si kamera. Peleka kwa fagia." Kamera ni nguo za daraja la kwanza, fagia ni zile za mwisho.

Jioni nilimsimulia yote, na Kilatini chake. Alikuwa akinyoosha noti za mauzo ya siku juu ya goti, moja moja.

"Si ungewaambia Hesabu," akasema. Kisha akainua macho. "Na nauli walikurudishia?"